Fumbo na Jibu Lake: Jinsi Watungaji wa Hadithi Walivyokuzwa

Neno kutunga lina matumizi mengi katika Kiswahili. Mtu hutunga shanga katika uzi, mvuvi hutunga samaki wake katika ujiti, na mtu wa maneno hutunga shairi au hadithi. Wengi hudhani ya kuwa huyu wa tatu hufanya kazi yake peke yake, wala hana haja ya mtu. Tukizichungua desturi tutaona sivyo. Mtungaji aliitwa na watu, naye alijibiwa na watu. Na palipokosekana mwito au jibu, kazi njema ililala gizani.

Na tuanze na mambo ya jioni, watoto wakutanikapo. Mmoja husema, "Kitendawili!" na wenziwe huitika, "Tega!" Wakishindwa kukifumbua, hana budi kupewa mji kwanza, ndipo aseme maana yake. Msimulizi wa hadithi naye haanzi mpaka ameitikiwa. Pwani husema, "Paukwa!" na watu hujibu, "Pakawa!" Yafaa tuliangalie jambo hili vema. Kuitikia si pambo la hadithi. Ni ahadi ya wasikilizaji kwamba masikio yao yako tayari. Asipoitikiwa, msimulizi hunyamaza.

Washairi nao walikuwa na desturi yao ya kujibizana. Mmoja hutoa fumbo kwa shairi, na mwingine hulifumbua kwa shairi lake, mara nyingi kwa kufuata bahari ileile. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mengi kwa njia hiyo, hasa siku za ugomvi wa Mombasa na Lamu, ambako washairi wa huko nao walimrudishia majibu. Tungo zake zingalipotea kama watu wasingalizihifadhi vichwani. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya pamoja na W. E. Taylor, mmisionari, na mwaka 1940 W. Hichens akazipiga chapa. Basi jamii iliyomwita mshairi ndiyo iliyomtunzia maneno yake.

Uchapaji ulipokuja, desturi hii haikufa, bali ilihamia katika karatasi. Mwaka 1888 gazeti liitwalo Msimulizi lilianza kupigwa chapa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, na walimu waliotawanyika vituoni wakaandika habari zao humo ili wenzao wazisome. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo katika Dar es Salaam. Humo wasomaji walipeleka mashairi, na wasomaji wengine wakayajibu. Karani wa bomani na mwalimu wa kijijini, wasiopata kuonana kwa macho, wakawa baraza moja.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusanifisha lugha, kuvipitia vitabu, na kuwatia moyo waandishi wa Kiafrika. Tusidharau kazi hiyo. Walakini twaona kwamba mwandishi aliyesahihishiwa tahajia yake amesaidiwa nusu tu. Hutamani pia kujua kama msomaji alicheka, au alihuzunika, au alilala usingizi kabla ya kufika mwisho.

Habari ya Aniceti Kitereza yatufundisha jambo hili kuliko nyingine zote. Alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, akawa katekista. Padri Simard, mmisionari, alimhimiza aandike desturi za wazee wake kabla hazijasahauliwa. Naye hakuandika orodha ya mila. Alitunga hadithi ndefu ya mume na mke waliokosa mtoto, na ndani yake akaweka kilimo, uvuvi, dawa, ndoa na misiba ya Wakerewe. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Mwito alikuwa ameupata, jibu hakulipata. Hakuna mchapaji aliyekubali kutoa kitabu kikubwa kwa lugha yenye wasomaji wachache. Ndipo mzee akaketi kukifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa na Tanzania Publishing House kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka 1981, kilipokuwa ndiyo kwanza kinaanza kuwafikia wasomaji, mwandishi akafariki. Yapata miaka 35 alikuwa amesema "Paukwa," wala hakusikia "Pakawa."

Siku hizi ziko tuzo za waandishi wa Kiswahili, kama ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2023. Ni vema zipo. Lakini tuzo huja mwisho wa kazi, na huwafikia wachache. Fumbo huja mwanzo, na humfikia kila aliye barazani.

Kwa hiyo, ninyi walimu na mapadri mnaosoma kurasa hizi, twawaomba jambo dogo. Mwambieni mwanafunzi, au mzee wa mtaa wenu, neno moja la kuanzia: mlango uliogongwa usiku, au mtu aliyerudi baada ya miaka mingi asitambuliwe na mbwa wake. Kisha, akileta alichotunga, msikimbilie kalamu nyekundu. Kisomeni mbele ya watu, mkamwambie lililowagusa na lililowapotea njiani. Gharama yake ni jioni moja. Nani ajuaye ni wangapi katika mitaa yetu waliokwisha kutega, nao wangali wanangoja kuitikiwa?