Maduka ya bangi ya wagonjwa: heri leseni kuliko kufumba macho

Kila ikitoka habari ya bangi ya tiba huko Marekani watu wanagawanyika hapo hapo. Huyu anasema wamechanganyikiwa, yule anasema basi ruksa na sisi tuvute. Wengi wanabishana bila kujua sheria zenyewe zinasemaje. Leo naiweka mada yote hapa, kwa kutumia jimbo moja tu, Rhode Island, dogo kuliko yote kwa eneo. Msimamo wangu nausema mapema: naunga mkono sheria za kuvipa leseni vituo vinavyowauzia wagonjwa. Sababu nazitoa hapa chini.

TUELEWANE MANENO KWANZA

Kwetu ukisema dispensari mtu anafikiria zahanati ya mtaani, kuna nesi, kuna sindano na panadol. Dispensari ya bangi ni kitu kingine kabisa. Ni duka lenye leseni ya jimbo, linalomuuzia mtu mwenye kadi ya mgonjwa tu. Humo ndani hakuna daktari wa kukupima. Daktari ni yule anayekutibu hospitali, na hata yeye haandiki cheti cha dawa kama anavyoandika cha malaria. Anathibitisha kwa maandishi kwamba una ugonjwa uliotajwa kwenye sheria na kwamba kwa maoni yake faida inaweza kuzidi madhara. Kadi inatolewa na idara ya jimbo.

Kwa nini isiuzwe famasi kama dawa nyingine? Kwa sababu mwaka 1970 serikali kuu ya Marekani iliiweka bangi kwenye kundi la kwanza la dawa za kulevya, sawa na heroini, kundi ambalo daktari haruhusiwi kuliandikia cheti. Majimbo yaliyotaka kuwasaidia wagonjwa ikabidi yatafute njia ya pembeni. Ndo zikazaliwa kadi na vituo.

RUKSA KUTUMIA, PA KUNUNUA HAKUNA

Januari 2006 Rhode Island ikawa jimbo la 11 kuruhusu bangi ya tiba. Gavana Donald Carcieri aliukataa muswada, bunge likapiga kura tena na kumshinda. Sheria iliwahusu wagonjwa wa saratani, Ukimwi, presha ya macho, homa ya ini aina ya C, na wenye maumivu makali ya kudumu, kifafa au misuli inayokakamaa. Mwenye kadi aliruhusiwa kuwa na aunsi 2.5 (kama gramu 70) na miche 12, au kumteua msaidizi wa kumlimia.

Kwenye karatasi inapendeza. Sasa jiulize: mgonjwa ameanza dawa za saratani Jumatatu, anatapika mpaka maji hayakai tumboni. Sheria inamwambia alime. Tangu mbegu mpaka mavuno ni miezi mitatu au zaidi, halafu kuna taa, chumba, mbolea na ujuzi. Na hiyo mbegu ya kwanza ataipata wapi, wakati hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumuuzia? Jibu lilikuwa mtaani, kwa muuza unga yule yule ambaye polisi wanamtafuta. Yaani serikali ilimpa mama mgonjwa kadi halali, halafu ikamuelekeza kichochoroni usiku na hela mkononi. Anayeumwa hana mbio, na akidhulumiwa hawezi kwenda kituoni kushtaki.

Hapo ndipo hoja ya leseni ilipoanzia. Hawa watu walikwisharuhusiwa kutumia tangu 2006, kwa hiyo swali lililobaki lilikuwa wanunue kwa nani.

MIAKA MINNE YA KUSUBIRI

Waliousimamia muswada wa vituo ni Seneta Rhoda Perry na Mbunge Thomas Slater wa Providence. Slater mwenyewe alikuwa na saratani. Juni 2009 bunge likaupitisha, gavana akaukataa tena, bunge likamshinda tena. Agosti mwaka huo huo Slater akafariki.

Sheria ilitaka vituo visizidi vitatu. Machi 2011 idara ya afya ikachagua watakaoendesha. Kabla hawajafungua, mwanasheria wa serikali kuu katika jimbo hilo akamwandikia barua gavana mpya, Lincoln Chafee, kwamba vituo vikubwa vya namna hiyo vinaweza kushtakiwa kwa sheria ya taifa. Chafee akasimamisha leseni. Mei 2012 bunge likaipunguza sheria: kila kituo kisizidi miche 150, kati yake iliyokomaa isizidi 99, na akiba isizidi aunsi 1,500. Aprili 2013 kituo cha kwanza kikafunguliwa Providence, kikapewa jina la Thomas Slater.

Hesabu mwenyewe, tangu Juni 2009 mpaka Aprili 2013. Kwa mtu mzima ni muda wa kusoma digrii. Kwa mgonjwa wa saratani huo unaweza kuwa muda wote aliobakiwa nao.

LESENI INAFANYA NINI HASA

Wengi wakisikia leseni wanadhani ni karatasi ya kukuachia ufanye unavyotaka. Ni kinyume chake. Chini ya sheria ile ya 2009:

- Kituo kisiendeshwe kwa faida ya mtu binafsi.
- Viongozi na wafanyakazi wachunguzwe rekodi za jinai.
- Kisiwe jirani na shule, na kiwe na mitambo ya ulinzi.
- Kitunze vitabu vya mauzo, na wakaguzi waruhusiwe kuingia.
- Mgonjwa asiuziwe zaidi ya aunsi 2.5 kwa siku 15.

Muuza kichochoroni hafuati hata moja katika hayo. Haulizi kadi wala umri, na akichanganya na kitu kingine hutajua.

Mfano wa upande wa pili ni California. Wapiga kura wa kule waliruhusu bangi ya tiba mwaka 1996, lakini sheria ile haikuweka utaratibu wa leseni za maduka. Maduka yakachipuka kama uyoga, Los Angeles peke yake yakawa mamia, kila manispaa na utaratibu wake, polisi wa taifa wakavamia huku na kule. Sheria ya leseni kwa jimbo zima ilisainiwa Oktoba 2015, miaka 19 baadaye. Kwa hiyo bila leseni, Rhode Island haikuwa na duka hata moja na California ilikuwa na maduka kila kona. Na kote kote aliyeumia ni mgonjwa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo, na si wajinga. Wa kwanza wanasema sheria ya taifa inakataza. Ni kweli. Juni 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura sita kwa tatu, katika kesi ya mgonjwa Angel Raich wa California, kwamba serikali kuu inaweza kuzuia bangi hata pale jimbo linaporuhusu. Lakini kuweza si kulazimika. Desemba 2014 bunge la taifa liliizuia wizara ya sheria kutumia fedha zake kuingilia mipango ya tiba ya majimbo, na zuio hilo limerudiwa katika bajeti zilizofuata. Majimbo yaliyothubutu ndiyo yaliyolisukuma bunge mpaka hapo.

Wa pili wanasema bangi itavuja kwa vijana. Hofu hiyo ni ya haki, ila tujiulize inavuja zaidi wapi: kwenye duka lenye kamera, daftari na mkaguzi, au kwa msaidizi anayelima chumbani bila mtu kuhesabu? Anayeogopa kuvuja ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kudai leseni.

Wa tatu wanasema huo ni mlango wa kuruhusu kila mtu. Na kweli Rhode Island iliruhusu matumizi ya watu wazima Mei 2022, mauzo yakaanza Desemba 1 mwaka huo. Sitaficha hilo. Lakini liliamuliwa kwa sheria nyingine, miaka 13 baada ya ile ya vituo. Huwezi kumnyima wa saratani dawa leo kwa sababu ya kura itakayopigwa mwongo mwingine.

JE, NI DAWA KWELI?

Kwa baadhi ya mambo, ndiyo. Januari 2017 taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani ilitoa ripoti kubwa na kukuta ushahidi mzuri katika mambo matatu: maumivu ya kudumu kwa watu wazima, kichefuchefu cha dawa za saratani, na misuli kukakamaa kwa wenye ugonjwa fulani wa mishipa ya fahamu. Ripoti hiyo hiyo ilionya kuhusu uhusiano wa bangi na maradhi ya akili, hasa kwa wanaotumia sana. Kwa hiyo anayekwambia inatibu kila kitu anakudanganya.

Kuna vidonge pia. Dronabinol iliidhinishwa mwaka 1985 kwa ajili ya kichefuchefu. Lakini mtu anayetapika kidonge atakiweka wapi? Ndiyo maana wagonjwa wengi walitaka njia nyingine.

NA KWETU?

Msije mkasema blogu imewaruhusu. Tanzania bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 2015, Kenya chini ya ile ya 1994, na kadi ya Providence haikusaidii kitu Namanga. Kinachoendelea Afrika ni kilimo: Lesotho ilianza kutoa leseni za kulima bangi ya tiba mwaka 2017, Rwanda ikaruhusu kilimo cha kuuza nje mwaka 2020 huku matumizi ya ndani yakibaki marufuku. Angalia hilo vizuri. Dawa inalimwa Afrika, inasafirishwa kwa mgonjwa wa Ulaya, na mgonjwa wa hapa anaambiwa avumilie.

Siku mjadala huo ukifika kwenye mabunge yetu, tuanze na swali la Slater: mgonjwa ukishamruhusu, ananunua wapi? Bila jibu la hilo, ruhusa yake ni karatasi tu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mnaopinga njooni na hoja, matusi tuyaache nje.