Hadithi ya goroli sita

Wadau, leo tuingie uvunguni mwa gari. Mimi ni mwandishi, si fundi, lakini kuna swali limenikaa kichwani: kwa nini magari ya kuvuta kwa matairi ya mbele yalichelewa kuenea, wakati injini iko hapo hapo mbele?

Tairi la mbele lina kazi mbili kwa mpigo: linazunguka na linakata kona. Kwa hiyo shafti yake lazima ipinde huku ikizunguka. Kupinda kwenyewe hakukuwa tatizo. Mwaka 1676 Mwingereza Robert Hooke alikwisha kueleza kiungo cha msalaba, hiki mafundi wanachokiita krosi. Ila krosi haipitishi kasi sawasawa. Pinda shafti nyuzi 30, zungusha upande mmoja mara 1,000 kwa dakika bila kubadili: upande wa pili utapanda hadi 1,155 na kushuka hadi 866, mara mbili katika kila mzunguko! Hooke alilijua hilo, tena akalipenda, maana mwendo huo unafanana na wa kivuli kwenye saa ya jua. Kwenye gari hakuna wa kulipenda. Usukani unatikisika, vyuma vinachoka.

Zaidi ya miaka 200 ikapita. Mwaka 1926 Wafaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille wakaja na kiungo chao, Tracta, na mwaka uliofuata gari lao likashindana Le Mans. Miaka hiyo hiyo huko Marekani, Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, akaja na cha kwake. Hiki ndicho kinachonifurahisha zaidi. Chukua bakuli la chuma lenye mifereji, weka ndani yake chuma cha mviringo chenye mifereji pia, kisha goroli sita katikati, zimeshikwa na kizimba chembamba. Shafti zikipinda, goroli zote hubaki kwenye bapa linalogawa pembe ile nusu kwa nusu. Kila goroli iko umbali ule ule kutoka shafti zote mbili, basi hakuna upande unaoweza kuwahi wala kuchelewa. Ndiyo sivijointi hiyo!

Vita Kuu ya Pili ikaingiza viungo vya aina hizi kwenye ekseli za mbele za jeep. Kisha mgogoro wa Suez wa 1956 ukawabana Waingereza kwenye petroli, wakataka gari dogo. Alec Issigonis akailaza injini kiubavu, akaunganisha matairi ya mbele kwa goroli za Rzeppa, na Mini ikatoka 1959. Hapo ndipo watengenezaji wengine walipoanza kufuata.

Ukisikia gari linakata kona kwa mlio wa "ka-ka-ka-ka", mara nyingi ni mpira wa sivi umechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia. Aliyewahi kuifungua atuambie alikuta nini humo ndani...