Uzi: Programu ya kukutafutia mgombea, kutoka kijitabu cha 1989 hadi karatasi zetu sita

Kila mdahalo ukiisha, swali hili halikosi kwenye majibu: "Si mtu atengeneze programu ya simu, unajibu maswali, inakuonyesha mgombea mnayefikiri sawa, mambo yaishe?" Niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe. Halafu mimi na wenzangu wawili wa darasa tukajaribu kuijenga, na ikatushinda kwa njia ambayo hatukutarajia. Nitafika huko. Wazo lenyewe lina umri kuliko wengi wetu humu, kwa hivyo tuanze na historia. Na kama kawaida ya nyuzi zangu, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama.

Nyanya yangu alipiga mlolongo mwaka wa 1988. Kwa wale hawakufundishwa: chama kilikuwa kimoja kisheria, na kwenye mchujo wa mwaka huo watu walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake aliyeshika picha, mchana kweupe, kila mtu akiona nani kasimama wapi. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alihesabiwa ameshinda kiti, bila kura ya siri kupigwa. Na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, hiyo wazee watakuambia bila kuulizwa. Nyanya anasema alisimama nyuma ya picha ya mtu aliyemjua kwa jambo moja tu: mwenye duka aliyekuwa akimkopesha sukari alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata, 1989, huko Uholanzi shirika la elimu ya uraia lilitoa kijitabu chenye kauli 60 zilizotolewa kwenye ilani za vyama, pamoja na disketi. Kiliitwa StemWijzer. Ukisoma kauli, unasema unakubali ama hukubali, mwisho unahesabu umekaribiana na chama gani. Kilikusudiwa hasa wanafunzi wa sekondari. Kilinunuliwa nakala kama 50 hivi. Hamsini! Ukitaka kumcheka mtu ambaye programu yake haina watumiaji, kumbuka hao.

Mwaka wa 1998 kikaingia kwenye intaneti na kutumiwa na watu elfu sita na kitu. Uchaguzi wa 2002, zaidi ya milioni mbili. Uchaguzi wa 2006, mara milioni 4.7, katika nchi yenye wapiga kura kama milioni 12. Ujerumani ilikuwa imeshachukua wazo hilo mwaka wa 2002 na kuliita Wahl-O-Mat, chini ya ofisi ya serikali inayoshughulikia elimu ya siasa.

Sasa, hapa ndipo watu wengi wanakosea wakidhani siri iko kwenye hesabu. Hesabu ni rahisi, hata mtoto wa shule angeifanya: mkijibu sawa unapata alama, mkitofautiana hupati, swali unalolijali sana linahesabiwa mara mbili. Kazi ngumu inafanyika kabla. Wajerumani wanaandaa kauli nyingi kuliko zinazohitajika, wakisaidiwa na vijana na wataalamu, halafu wanazituma kwa vyama, na vyama vyenyewe vinajibu. Majibu yakirudi, kauli ambazo karibu kila chama kimejibu vilevile zinatupwa. Zinabaki 38 hivi, zile zinazowatenganisha.

Soma tena hiyo sentensi ya kutupwa, kwa sababu ndiyo iliyotuua sisi.

Tulijaribu kwenye uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi chuoni, tukijiambia ni mazoezi kabla ya wadi. Tuliandika kauli 20. "Hosteli zikarabatiwe." "Basari zitolewe kwa wakati." "Maktaba ifunguliwe hadi usiku." Wagombea 11, saba wakajibu, wengine wakatuambia tuongee na watu wao wa kampeni. Hao saba walikubali karibu kila kitu. Programu yetu ikafanya kazi vizuri kabisa, haikukwama hata mara moja, na ikamwambia kila mwanafunzi kwamba anapatana na kila mgombea. Rafiki yangu wa chumba alipata watu sita wakiwa sare. Akaniuliza, "Sasa hii imenisaidia na nini?" Sikuwa na jibu.

Kumbe tulikuwa tumeandika maswali ya mkutano wa hadhara. Nani atasimama pale jukwaani aseme hataki maji, hataki barabara, anataka unga upande bei? Mgombea anajitenga na mwingine pale tu unapomwuliza atakata wapi. Pesa ya wadi ni hii: ukiongeza basari, utapunguza taa za soko ama utaacha kujenga zahanati? Waswisi waliligundua hilo mapema. Programu yao, smartvote, ilianza 2003, na maswali yake ni marefu, pamoja na sehemu ya bajeti ambapo mgombea anasema matumizi haya yaongezwe, yale yapunguzwe. Tena wanamwuliza mgombea mmoja mmoja, si chama. Wasomi wao waliwahi kuchukua majibu ya waliochaguliwa na kuyalinganisha na kura walizopiga baadaye bungeni, na wakakuta kwa sehemu kubwa yanalingana. Kwetu hilo lingekuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Ufini pia wanauliza mtu mmoja mmoja, tangu shirika la utangazaji la Yle lilipoanzisha la kwao mwaka wa 1996. Huko mpiga kura lazima achague mgombea, na viti 200 vya bunge vinagombaniwa na watu zaidi ya 2,000. Mgombea anaweza kuandika maelezo kando ya jibu lake, kwa hivyo unaona kama amefikiri ama amebonyeza tu.

Hali ya Ufini ndiyo iko karibu na yetu. Tangu 2013 Mkenya anapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, na mwakilishi wadi. Kaunti 47, maeneo bunge 290, wadi 1,450. Midahalo ya televisheni inashughulika na karatasi ya kwanza, ya pili kidogo. Karatasi ya sita, ile ya mtu atakayeamua kama soko la kwenu litapata choo, unaipiga ukikumbuka bango ama fulana. Kwa hiyo hitaji lipo, sikatai. Wanaosema programu kama hii ni kitu cha Wazungu hawajawahi kusimama kwenye kibanda cha kura wakisoma majina ya MCA kama orodha ya abiria.

Lakini mgombea wetu ana uhuru ambao Mfini hana kwa vitendo: anaweza kukataa kujibu na asipoteze chochote. Julai 2022 wagombea wanne wa urais walialikwa kwenye mdahalo. Wawili tu ndio walijibu maswali, kila mmoja akiwa peke yake jukwaani. Kama mtu anaweza kuikwepa kamera ya nchi nzima, dodoso la wanafunzi watatu litamtisha vipi?

Dawa moja ni kuacha kumwuliza na kuangalia alichofanya. Hapo Kenya haikuchelewa. Mzalendo, mradi wa kufuatilia Bunge, ulianzishwa 2005 baada ya tovuti ya Bunge kufungwa kwa sababu baadhi ya wabunge hawakupenda wasifu wao kuwekwa hadharani. Kwa aliye kitini unaweza kulinganisha jibu na Hansard. Kwa mgeni wa siasa huna kitu, na kwa mabunge ya kaunti, jaribu tu kutafuta nani alipiga kura gani kwenye wadi yenu, halafu uniambie umepata nini.

Kuna swali la pili, la nani anaandika maswali. Mwaka wa 2009 watafiti wa Ubelgiji walichapisha utafiti ambao walijaribu michanganyiko 500,000 ya kauli 36 kwenye kompyuta. Wapiga kura ni walewale, vyama ni vilevile, lakini ukibadilisha kauli, chama kinachopendekezwa kinabadilika sana. Na si kauli pekee. Mei 2019, siku chache kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, mahakama ya Köln iliizuia Wahl-O-Mat kwa sababu ilimruhusu mtu kulinganisha vyama vinane tu kwa wakati mmoja, na chama kimoja kidogo kililalamika kwamba wadogo wanafichwa. Wakaelewana, ikarudi. Fikiria kesi kama hiyo hapa, wiki ya mwisho ya kampeni, na programu inamilikiwa na mtu ambaye binamu yake anagombea.

La tatu ndilo lilinifanya niandike uzi huu. Likizo iliyopita nilimpelekea nyanya dodoso letu jipya, lile la bajeti. Nikamsomea maswali kwa simu yangu. Alijibu mawili, la tatu akanyamaza. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, haya majibu yangu yanakaa wapi? Nani anayaona?"

Nikaanza kumweleza mambo ya seva. Akanikatiza: "Kwa hiyo kuna mtu anajua nimesimama nyuma ya nani."

Na hakuwa anazeeka vibaya. Machi 2018 wakuu wa Cambridge Analytica walirekodiwa kwa siri na Channel 4 ya Uingereza wakijisifu kuhusu kazi yao kwenye chaguzi zetu za 2013 na 2017. Juni 2021 Wakenya wengi waliangalia mtandaoni wakakuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Sheria ya kulinda data ya 2019 inaziweka dhamiri, imani na asili ya kabila kwenye fungu la data nyeti, na dodoso letu lilikuwa linagusa zote tatu, tena likiwa limefungwa na nambari ya simu, ambayo hapa kwetu ni sawa na kitambulisho na akaunti ya benki kwa pamoja.

Tuliweka nambari ya simu kwa sababu ya kijinga: ili mtu asijibu mara mbili. Tumeiondoa. Sasa majibu yanahesabiwa ndani ya simu yako na hayaendi popote, ambayo inamaanisha hatutajua ni watu wangapi wametumia, wala mfadhili hatakuwa na cha kuonyeshwa. Mwenzetu mmoja amekasirika na ametoka. Tumebaki wawili, na kauli 14 za bajeti ya wadi moja. Wagombea watatu wamejibu hadi sasa. Wawili kati yao wametofautiana kwenye swali la basari.