GHALA LILILOGEUKA NYUMBA



Ukipita leo katika mtaa wa SoHo, mjini New York, utaona majengo ya kale ya orofa tano au sita, yenye madirisha makubwa na nguzo za chuma zilizopakwa rangi. Chini ni maduka ya vitu vya thamani, na juu wanakaa watu wenye nafasi zao. Ukiuliza kodi utashika kichwa. Lakini majengo hayo hayakujengwa kuwa nyumba za watu. Yalikuwa maghala na viwanda. Khabari ya namna yalivyogeuka nyumba inamfaa kila mwenye nyumba kuukuu katika Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja. Isome hata mwisho, kwani mwisho wake unatuhusu sisi.

Majengo hayo ni ya karne ya 19. Nyuso zake ni za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kisha vipande vikaletwa na kuungwa mbele ya jengo. Kazi hiyo ilikuwa rahisi kuliko kuchonga mawe, nayo iliwezesha kuweka madirisha mapana ya kuingiza mwanga wakati ambapo taa za umeme hazikuwapo. Jengo la Haughwout, lililojengwa mwaka 1857, ndilo lililotiwa lifti ya kwanza ya abiria yenye kizuizi cha kuzuia isianguke kamba ikikatika, kazi ya fundi Elisha Otis. Ndani ya majengo haya aghlabu hamkuwa na vyumba. Orofa nzima ilikuwa ukumbi mmoja, upana wake kama futi 25 na urefu wake karibu futi 100.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vilianza kuhama. Malori makubwa hayakuweza kugeuka katika njia zile nyembamba, na wenye viwanda walitaka majengo mapana ya chini, si ya kupandisha mizigo kwa lifti kuukuu. Maghala mengi yakabaki matupu. Moto ulizuka mara kwa mara hata wazima moto wakapaita "Eka Mia za Jahanamu". Mkubwa mmoja wa mipango ya mji, Robert Moses, alitaka kupitisha barabara kuu juu ya Mtaa wa Broome, na lau mpango huo ungalipita, majengo mengi yangalibomolewa.

Waliokuja kukaa humo walikuwa wachoraji na wachonga sanamu. Ikiwa baadhi ya kazi zao hazipatani na dini yetu, hilo si neno letu leo. Letu ni yale yaliyowapata. Walitaka nafasi na mwanga, na pesa hawakuwa nazo. Sheria ilikataza mtu kulala ndani ya ghala, kwa hivyo usiku walifunika madirisha ili taa zisionekane, na takataka walizitoa kwa siri. Jioni, wafanya kazi walipokwenda zao, joto la jengo lilizimwa, na baridi ya New York si baridi ya kuchezewa. Hapakuwa na jiko wala bafu. Wapangaji hao walivuta mabomba, wakatia umeme na kukwangua sakafu zilizolowa mafuta ya mashine. Yote hayo waliyafanya kwa mikono yao na kwa pesa zao, ndani ya mali ya mtu mwengine.

Pole pole serikali ilikubali. Mwaka 1961 wachoraji waliruhusiwa kukaa katika baadhi ya maghala, kwa sharti la kuweka kibao nje ili wazima moto wajue kuwa ndani mna watu. Mwaka 1969 mpango wa barabara ukafutwa. Mwaka 1971 sheria ikawaruhusu wasanii kukaa SoHo, na mwaka 1973 mtaa huo, wenye majengo kama 500, ukawekwa chini ya hifadhi ya mji.

Sasa, ndugu yangu, tazama yaliyofuata. Mtaa ulipopata uzima, matajiri waliutamani. Wenye majengo, ambao jana hawakupata hata mtu wa kuweka marobota, leo waliona dhahabu. Mpangaji asiyekuwa na mkataba wa maana aliambiwa aongeze kodi au atoke. Naye akitoka, mabomba na sakafu na jasho lake vyote vilibaki nyuma. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuwalinda wapangaji wa maghala wasifukuzwe ovyo, ikawapa na haki ya kuuza vile walivyovitengeneza. Iliwasaidia wengi, lakini wengi wengine walikwisha kuondoka. Waliosalimika zaidi ni wale walioungana mapema wakanunua jengo kwa shirika, kama walivyofanya watu wa George Maciunas katika Mtaa wa Wooster mwaka 1967.

Wala tusiwasahau mafukara wa kwanza. Katika viwanda vile walifanya kazi watu weusi na watu wa Puerto Rico. Hao hawakuandikiwa sheria ya kuwapa fidia. Mtaa ukipendeza, wa kwanza kusahauliwa ni mnyonge.

Nyumba za juu ya maghala si jambo geni katika Uislamu. Mjini Cairo, karibu na Al-Azhar, iko wikala ya Sultan Al-Ghuri iliyojengwa mwaka 1504 hadi 1505. Chini waliweka bidhaa wafanya biashara, na juu zilipangishwa nyumba za watu, zenye ngazi yake mbali. Lakini pato lake lilikuwa la wakfu, likiendeshea mambo ya kheri. Kodi ilikuwa na kazi zaidi ya kumnenepesha mtu mmoja.

Turudi kwetu. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Ni sifa njema, lakini sifa hupandisha bei. Nyumba ngapi za mababu zetu zimekuwa hoteli na nyumba za wageni? Mtoto wa mjini hupita nje akatazama mlango aliochonga babu yake, na ndani hana ruhusa ya kuingia.

Hatusemi kuuza ni haramu. Lakini nyumba ya urithi aghlabu ni ya wengi. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mshirika asiuze kabla ya kumjulisha mshirika wake. Na katika madhehebu yetu ya Shafii mshirika ana haki ya shufaa: sehemu ikiuzwa kwa mtu wa nje, yeye aweza kuichukua kwa bei ile ile. Wanachuoni wa Kihanafi wamempa haki hiyo hata jirani. Basi kabla ya kumwita dalali, waite ndugu zako. Na nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi.

Na wewe mpangaji, unapotengeneza nyumba ya mtu kwa mali yako, andikianeni mbele ya mashahidi, kama Qur'ani Tukufu ilivyotuamrisha juu ya madeni. Na wewe mwenye nyumba, ukimwona mpangaji ameziba dari iliyokuwa ikivuja, usimlipe kwa kumtoa. Mkumbuke jirani ambaye Jibrili alimuusia Bwana Mtume (S.A.W.) mara kwa mara, hata akadhani kuwa atafanywa mrithi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzihifadhi nyumba zetu, na haki za waliomo ndani yake. Amin.