Utafiti wa kuzuia ukatili vijiweni, Dar es Salaam

Tawi la afya ya jamii lililokuzwa na wataalamu wa Muhimbili (MUHAS) na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2005 ilionyesha kuwa asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenzi walipigwa au kulazimishwa ngono naye. Swali likawa wanaume wanaofanya hivyo wafikiwe wapi. Huko Kinondoni (kabla wilaya ya Ubungo haijamegwa kutoka humo) jibu lilikuwa kijiwe, ambacho wapita njia hukiona kama genge la wavivu ilhali kina viongozi wa kuchaguliwa, kanuni na ada.

Mradi wa Vijana Vijiweni ulivigawa vijiwe takriban 60 kwa bahati nasibu. Baadhi vikapata mikopo midogo na viongozi rika waliofunzwa. Baada ya miezi 30, ukatili haukupungua zaidi kuliko katika vijiwe vya kulinganishia. Wapo watakaosema fedha zilipotea. Hoja hiyo ni nyepesi, kwani jaribio la SASA! la kuzuia ukatili huko Kampala, lililohusisha mtaa mzima, wanawake na viongozi wakiwemo, lilitoa dalili nzuri zaidi. Tatizo basi huenda ni kuwashughulikia vijana peke yao, si kijiwe chenyewe. Kulipima hilo kunahitaji mtafiti aliyemaliza uzamivu na anayeaminika mtaani. Anahitaji pia muda: ufadhili wa miezi 24 hautoshi kwa jaribio la miezi 30.