Ushamiri na maambukizi mapya

ushamiri nm [u-] (takwimu za afya) sehemu ya watu katika jamii fulani ambao, kwa wakati uliotajwa, wana ugonjwa au hali inayochunguzwa, wawe wameupata jana au miaka 20 iliyopita: *ushamiri wa VVU; ushamiri wa kisukari.*

Nomino hii imetokana na kitenzi *shamiri*, kwa maana ya kustawi na kuenea. Kitenzi hicho hutumika pia kwa kushindilia bunduki, na wanasarufi wanacho katika *shamirisho*. Maana hizo hazihusiki hapa.

Matumizi. Anayeanza kujifunza takwimu za afya hukutana mapema na vipimo viwili ambavyo lugha ya kila siku huviita kwa jina moja, yaani "kiwango cha maambukizi". Kimoja huhesabu waliomo. Kingine huhesabu wanaoingia. Ndipo huandikwa sentensi kama hii: *Kiwango cha maambukizi ya VVU nchini ni asilimia 4.4.* Msomaji asiye mtaalamu ana haki ya kuelewa kwamba kila mwaka watu 44 kati ya 1,000 huambukizwa. Sivyo hata kidogo.

Tarakimu hiyo inatoka katika utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2022–2023. Miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ushamiri wa VVU ulikuwa asilimia 4.4, ilhali maambukizi mapya yalikuwa asilimia 0.18 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, kati ya watu 10,000, wapatao 440 walikuwa wakiishi na virusi. Na kwa kila watu 10,000 wasio navyo, wapatao 18 waliambukizwa katika mwaka mmoja. Mfasiri anayebadilisha kipimo kimoja kwa kingine amekosea zaidi ya mara 20, tena bila kugusa tarakimu yoyote.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona: kudhani kwamba ushamiri ukipanda, basi kinga imeshindwa. Tuchukue mji wa kubuni wenye watu 1,000, ambao 50 kati yao wana VVU, na tuache kando vizazi, wahamiaji na vifo vya sababu nyingine. Mwaka ambao hakuna dawa, watu 10 wanaambukizwa na wagonjwa 20 wanafariki. Wamebaki 40 kati ya 980, na ushamiri umeshuka kutoka asilimia 5 hadi takriban 4.1. Sasa turudi mwanzo, safari hii dawa za kufubaza virusi zikiwepo: wanaambukizwa 6 tu, wanafariki 2. Wenye VVU ni 54 kati ya 998, na ushamiri umepanda hadi asilimia 5.4. Mji uliozika watu 20 ndio unaoonekana nadhifu kwenye jedwali. Anayeandika kwamba katika mji wa pili "maambukizi yameongezeka" ameupotosha ukweli, kwa maana maambukizi yamepungua na kilichoongezeka ni maisha ya wagonjwa.

Kwa hiyo tunapendekeza *ushamiri* kwa waliomo, na *kiwango cha maambukizi mapya* kwa wanaoingia. Kivumishi *mapya* kisidondoshwe hata pale kichwa cha habari kinapobana. Kipimo cha pili sharti kiandamane na muda, "kwa mwaka" au "kwa mwezi", kwani bila muda hakina maana; na kigawanyo chake ni wale ambao bado wanaweza kuambukizwa, si watu wote. Ushamiri hauhitaji muda wa namna hiyo, bali tarehe au kipindi ulipopimwa.

Tahadhari nyingine ni kwa magonjwa yasiyoambukiza. "Maambukizi ya kisukari" na "maambukizi ya saratani ya matiti" ni makosa ya wazi, na yanaweza kumfanya msomaji aogope kula sahani moja na mgonjwa. Hapa andika *wagonjwa wapya*.

Linganisha:

*Maambukizi ya VVU ni asilimia 4.4.* (isiyofaa)

*Ushamiri wa VVU kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi ulikuwa asilimia 4.4 katika utafiti wa 2022–2023.* (sahihi)

*Wagonjwa wapya wa kisukari walikuwa 3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka.* (sahihi; tarakimu ni ya mfano)