Muthomi: Jina Lililopanda Mlima Kutoka Pwani

Msafiri atokaye Meru mjini akaishika njia ya Isiolo ipitayo Ruiri huiacha nyuma yake nchi ya mashamba mabichi na udongo mwekundu, na mbele yake huona ardhi ikishuka na kukauka hata ikawa mbuga pana ya wafugaji, ambako Mmeru hukutana na Mborana, Msomali na Mturkana, na Kiswahili ndicho kiwapatanishacho sokoni. Hapo Ruiri, katika mpaka huo wa mvua na ukame, mama anapowaita watoto wake jioni aghalabu utasikia akina Mwenda, Murithi na Kirimi. Lakini mara moja moja utasikia akiitwa Muthomi. Jina hili la kiume hujulikana kwa Wameru na jamaa zao wa Chuka na Tharaka, bali ukiipa kisogo miteremko ile ya mashariki ya Mlima Kenya ni nadra ulisikie tena, na Mswahili wa Mombasa au Unguja akilisikia hudhani ni jina la kigeni lisilomhusu ndewe wala sikio. Hapo ndipo anapokosea, na kosa hilo ndilo lililonishikisha kalamu, kwa maana jina hili asili yake ni neno litokalo kinywani mwake mwenyewe kila siku.

Lugha ya Kimeru haina sauti ya sini. Neno la Kiswahili lenye sauti hiyo likiingia huko halina budi kubadili vazi, na vazi lake ni th, ambayo hutamkwa karibu na dhali ya Kiarabu. Ndiyo sababu serikali ikawa thirikari, na saa ikawa thaa. Kwa kanuni iyo hiyo kusoma kukawa kuthoma, na mwenye kusoma akawa muthomi, wingi wao athomi. Tena neno halikupata taabu ya kujipatia nafasi katika lugha, kwa kuwa Kimeru na Kiswahili ni ndugu wa nasaba moja, na sheria ya kumtaja mtenda kazi kwa kumalizia kitenzi kwa irabu i ni mali ya wote wawili. Sisi twasema msomi. Wao wasema muthomi. Mwenye kukaza macho huwaona watu wawili hawa kuwa pacha.

Ili kufahamu namna neno la shule lilivyogeuka kuwa jina la mtu, yapasa kwanza kujua kwamba Wameru tangu kale huyapenda majina yatokanayo na matendo. Murithi ni mchunga mifugo. Kirimi ni mkulima hodari. Mugambi ni msemaji, yule ambaye neno lake husikizwa na wazee. Kithinji ni mchinjaji, na hata mtoto wa pwani aweza kuisikia kuchinja ndani yake. Na ada yao iliyo nzuri mno ni hii: mtoto apewapo jina kwa ajili ya babu yake au jamaa mwingine, si lazima apewe jina lile lile alilokuwa nalo mzee, bali huweza kupewa jina la sifa ya mzee huyo, la jambo alilojulikana nalo kijijini. Mzee aliyeishi na ng'ombe humwachia mjukuu jina la Murithi. Aliyeishi na jembe humwachia la Kirimi. Basi siku ilipofika ya kuzaliwa mjukuu wa mzee aliyejulikana kwa kitabu, jina lake lilikuwa tayari limekwisha kutengenezwa, nalo lilingojea kutamkwa tu.

Lakini kitabu chenyewe kilifikaje huko juu? Pwani ya Waswahili neno kusoma lilikuwa na heshima karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kutia mguu wake Mombasa. Kusoma kulikuwa kwenda chuoni, kuketi mkekani mbele ya mwalimu, kuanza na alifu hata kuukhitimu msahafu. Na mtu aliyesoma hakuwa mwenye kujua herufi tu, alikuwa mwenye dini na adabu. Neno hilo lilipopandishwa bara na wafanyabiashara na wapagazi halikuiacha maana yake hiyo njiani. Huko Buganda, katika zama za Kabaka Mutesa, walioifuata dini mpya, Waislamu kwanza na Wakristo baadaye, waliitwa abasomi, wasomaji, na baada ya misheni ya Waingereza kufika mwaka 1877 na ile ya Wafaransa mwaka 1879 jina hilo liliwashika Wakristo barabara, kiasi kwamba vijana walioteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 walikuwa kwa watu wa nchi yao wasomaji kabla hawajaitwa mashahidi.

Njia ya kwenda Meru ilikuwa nyingine, nayo ilianzia pwani yenyewe. Mmisheni Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kwa mbali akiwa Ukambani, ndiye aliyewaongoza Wamethodisti wa kwanza kutoka Uingereza mwaka 1862, wakajenga Ribe, miongoni mwa Wamijikenda. Kwa miaka hamsini misheni yao ilikuwa ya pwani na ya mto Tana, na walimu wao walizoea kufundisha kwa Kiswahili. Kisha serikali ya kikoloni ikamweka Meru mwaka 1908 mkuu wa wilaya wa kwanza, E. B. Horne, ambaye wenyeji walimpa lakabu ya Kangangi kwa ajili ya kutangatanga kwake, na mwaka 1912 Wamethodisti wakaufuata mlima, wakajenga Kaaga, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Wakatoliki wa Consolata nao walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao katika nchi ya Imenti. Hivyo wino uliofundishwa Ribe ulianza kukauka juu ya karatasi za Kaaga, na neno la chuoni likawa neno la mlimani.

Na athomi wale wa kwanza hawakuonewa wivu. Kijana aliyekwenda misheni aliacha mbuzi wa baba yake, akajitenga na rika lake, akavaa nguo na kuitwa Daudi au Yohana, na wazee waliona kwamba ukoo umempoteza mtu. Muthomi lilikuwa jina la kutofautisha, na katika vinywa vingi halikuwa mbali na tusi. Hali ikazidi uchungu mwaka 1929 na 1930, wamisheni walipoipiga vita tohara ya wasichana na kuwataka waumini wao waikane. Waumini wengi katika nchi zote za mlima, Meru na Embu zikiwamo, wakatoka kanisani. Lakini tazama ajabu ya jambo hili: waliokwenda zao hawakukiacha kitabu. Walijenga shule zao wenyewe za kujitegemea, ili watoto wasome bila ya kutawaliwa na misheni, na shule hizo zilidumu hata zilipofungwa na serikali katika zama za Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Kwa rai yangu, hapo ndipo muthomi lilipoacha kuwa jina la mtu wa misheni likawa jina la mtu anayesoma tu, na pasipo badiliko hilo hakuna mzazi ambaye angethubutu kumpa mwanawe.

Ithibati ya namna Kiswahili kilivyokuwa mlango wa elimu huko ni Mchungaji Philip M'Inoti, mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Wamethodisti wa Meru. Alipotaka kuhifadhi habari za asili ya Wameru na tabia zao, aliziandika kwa Kiswahili. Na masimulizi ya Wameru yenyewe husema kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, nchi iliyokuwa baharini, wakaongozwa na Koome Njue kuikimbia dhuluma ya watu wa nguo nyekundu. Na wako wanahistoria wanaoitafuta Mbwaa hiyo katika visiwa vya jirani na Lamu. Kama ni kweli, basi neno kusoma lilipanda mlima ule likifuata nyayo za watu waliopanda kabla yake.

Jambo la namna hii si la Wameru peke yao. Pwani yetu inao akina Khatibu, kwa msoma hotuba, na akina Hafidhi, kwa aliyeihifadhi Kurani moyoni. Uingereza jina la Clark lilitokana na makasisi na makarani wa zama za kati, wakati wajuao kusoma walikuwa wa kuhesabika. Tofauti ni kwamba taarikhi ya Clark ina miaka mamia na imesahauliwa na walichukuao, ilhali taarikhi ya Muthomi ni ya juzi, nayo bado yaweza kuulizwa.

Siku hizi jina hili limetoka vijijini. Muthomi Njuki alichaguliwa kuwa gavana wa Tharaka-Nithi mwaka 2017, akachaguliwa tena mwaka 2022, na kwa njia hiyo Wakenya wengi ambao hawajapata kukanyaga Ruiri wamelizoea masikioni. Lakini liko jambo moja linalonisikitisha: sijapata kulisikia jina la msichana lililotokana na kuthoma. Wasichana ni Makena, mwenye furaha, na Kendi, mpendwa. Msomaji ni mvulana. Katika pengo hilo mtu husoma waziwazi ni nani waliopelekwa shule kwanza, na ni nani waliobaki nyumbani kuchota maji na kulea wadogo zao.

Enyi watu wa Ruiri, Kiirua na Kibirichia mlio na Muthomi nyumbani, nawasihi mumwulize mzee, au nyanya aliye hai bado, ni nani aliyekuwa msomaji wa kwanza katika ukoo wenu, alisoma wapi, na ni kitabu gani alichokishika kwanza mkononi. Kisha habari hizo ziandikwe, kwa Kimeru au kwa Kiswahili, na karatasi yake apewe kijana mwenye jina.